Mwanamke Aliyelilia Kuku

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuamkia, maana najua ukiuona mwandiko wangu juu ya bahasha utataka kuirudisha ilikotoka, na mtu akishaamkiwa hana budi aitikie kwanza. Hujambo wewe? Miguu inaendeleaje na zile ngazi za shule? Shemeji naye hajambo, bado anakoroma hadi majirani wanaulizana asubuhi? Watoto wa darasa la kwanza wa mwaka huu wameshajua kushika penseli au bado wanazitafuna? Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu sana, na amevuta kiti hapa pembeni yangu kuhakikisha naandika yote bila kuruka. Mwanao, huyu kijana wetu, amefika darasa la saba, na kwa urefu ameshampita mama yake.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei. Nimepiga, nimetuma ujumbe, nimempitia shemeji, naye akaniambia kwa upole kwamba akitaja jina langu hapo nyumbani chai yote inakuwa chungu. Sikulaumu. Ni miezi saba sasa tangu siku ile ya stendi, uliposhuka kwenye basi na mizigo yako, ukanipungia mikono yote miwili kutoka upande wa pili wa uwanja, nami nikakutazama usoni, nikageuka, nikaenda zangu. Uliniandikia neno moja tu, kwamba umeona, ukapanda basi la kurudi siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa wiki ile tulikuwa tumerushiana maneno juu ya nyumba ya baba, mimi nikitaka tuweke wapangaji na wewe hutaki hata kusikia, ulikuwa na kila haki ya kuamini kwamba nimekususa. Mimi nami sikukanusha.

Leo nataka kukueleza kilichotokea. Nakuomba usome hadi mwisho, kwa sababu dada sina mwingine, na sitaki kukupoteza wewe kwa ajili ya ujinga wangu. Tatizo ni kwamba maelezo yenyewe yamepitia kwenye sinema, kwa hiyo itabidi univumilie nikusimulie picha kadhaa nilizotazama na maoni yangu juu yake. Najua mimi na sinema wapi na wapi. Lakini kazi ndiyo iliyonipeleka.

Unaukumbuka ule ukumbi wa sinema karibu na posta, wenye mlango wa bluu. Meneja wake aliniita nishone upya viti vyote, safu kumi na nne, safu moja kila wiki, tukianzia mbele kwa sababu huko ndiko watoto wanakotoboa vitambaa kwa viatu. Ni mtu wa masharti yule. Alinieleza kwamba fundi aliyenitangulia alikuwa akibonyeza kiti kwa kiganja, anasema kiko sawa, halafu picha ikifika pale penye huzuni springi zinaanza kulia kuliko stelingi. Kwa hiyo akaweka sharti: kila Ijumaa, nikimaliza safu, nikae mimi mwenyewe katika safu hiyo kwenye onyesho la saa nane mchana, ukumbi ukiwa na watu, nitazame picha yote toka mwanzo hadi mwisho, kisha nimletee ripoti ya viti. Mimi nikaona ni kazi ya raha, nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Ijumaa ya kwanza, safu ya kwanza. Picha ilikuwa ya mwanamke dereva wa lori aliyebeba vioo vya madirisha ya hospitali, anavuka navyo milima, na barabara ni mashimo matupu. Dada, mimi sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Shingo iliniuma kwa kuangalia juu, lakini niliona kila kitu: jasho juu ya mdomo wake, uzi uliochomoka kwenye kola ya shati, sisimizi akitembea juu ya usukani. Lori likiyumba, na mimi nayumba. Kioo kimoja kilipopasuka nilishika mkono wa bwana nisiyemjua, naye hakuuondoa. Nilimwambia meneja kwamba viti viko imara na kwamba waliotengeneza picha hiyo ni watu wanaoiheshimu kazi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia wifi yako kuanzia kwenye supu hadi kwenye chai, akashindwa hata kula vizuri.

Safu ya tatu nilikutana na picha ya kinyozi aliyeahidi kuwanyoa mabwana harusi wawili asubuhi moja, kila mmoja upande wake wa mji, na mashine anayo moja. Hiyo nilicheka mpaka mbavu zikaomba msamaha. Nilicheka hata kiti kikakatika kamba ya chini, ikabidi Jumamosi nirudi na sindano na uzi kurekebisha kazi yangu mwenyewe. Meneja alitaka kukasirika, nikamwambia asilaumu kamba, amlaumu kinyozi.

Basi nikajiona nimeshakuwa mtaalamu. Wateja wakija karakana kuchagua kitambaa cha kochi nawapa na maoni ya sinema bure. Lakini kuanzia safu ya sita hivi, dada, mambo yakaanza kuharibika. Kulikuwa na picha ya mpelelezi anayemfukuza mwizi wa farasi. Hadithi nzuri, lakini waliochagua waigizaji walikosea, wanaume wale wawili wamefanana mno. Nusu saa nzima nilikuwa namshangilia mwizi. Watu wa safu yangu wakawa wananitupia jicho. Nilitoka nikamwambia mama wa tiketi kwamba kama ningeulizwa, mmoja ningemvalisha shati jekundu ili watu wasisumbuke. Mama wa tiketi akanitazama, akaniambia kwamba mpelelezi ni mzee mwenye ndevu na mwizi ni kijana kichwa kipara. Nikamjibu kwamba labda yeye aliangalia picha nyingine.

Safu ya tisa ndiyo iliyoniletea jina nyumbani kwangu. Ilikuwa picha ya mapenzi na huzuni, ukumbi umejaa kina mama na leso zao. Mwishoni kabisa yule mwanamke yuko peke yake chumbani, muziki umenyamaza, anafungua sanduku, anatoa kitu cheupe, anakikumbatia kifuani na kulia. Ukumbi mzima ukalia naye. Bwana mmoja mnene mbele yangu alitikisika mabega yote mawili, na nilijivunia kwamba kiti chake hakikutoa sauti. Lakini mimi macho makavu, kwa sababu kwa jinsi nilivyoona, kile kitu cheupe kilikuwa kuku. Nikajiuliza kuku huyo ametoka wapi, mbona hatujaonyeshwa akifugwa, na kwa nini awekwe sandukuni. Nilirudi nikamweleza wifi yako kwamba nimeona picha ya mwanamke aliyelilia kuku, na kwamba siku hizi watengeneza filamu wameishiwa. Alicheka hadi akakaa chini. Toka siku hiyo mimi na mwanao tukigombana kidogo, ananiuliza kama nahitaji kuku wa kukumbatia.

Safu ya kumi na mbili ikamaliza kabisa uvumilivu wangu. Hiyo picha ilikuwa ukungu mtupu. Nilichokiona ni vivuli vinakwenda, vivuli vinarudi, vingine vinazungumza, na mtu mmoja amesimama shambani katikati ya ng'ombe, anawahutubia kwa dakika kumi. Nilipotoka nilipanda moja kwa moja hadi kwenye kile chumba cha juu cha kuonyeshea picha na kumwambia fundi wa mitambo kwamba, kwa heshima zote, kioo cha mashine yake ni kichafu, na kwamba amekuwa akikiacha kizidi kuchafuka wiki hadi wiki, mimi nimemvumilia, lakini sasa amezidi.

Dada, huyu bwana anafuta kioo kile kila asubuhi kwa kitambaa cha pamba anachokifua yeye mwenyewe, hamwachii hata mkewe. Nilidhani atanitupa chini. Badala yake akanishika kiwiko, akanishusha, akanikalisha safu ya kumi na mbili, akapanda na kuirudisha ile sehemu ya ng'ombe. Akaniuliza kutoka juu kama naona. Nikamwambia ni ukungu. Akaniambia nisogee safu ya tisa. Nikasogea. Safu ya sita. Nikasogea. Kila nikisogea ukungu unapungua. Nilipokaa safu ya kwanza niliona kila kitu. Hapakuwa na shamba wala ng'ombe. Ilikuwa mahakama, na wale ng'ombe walikuwa mawakili kwenye makoti yao meusi na meupe, na mtu aliyewahutubia alikuwa anaomba arudishiwe mtoto wake. Fundi wa mitambo akashuka, akakaa kiti cha pembeni yangu, akasema kwa sauti ya chini kwamba mashine yake haijasogea hata inchi moja tangu ifungwe, aliyekuwa akisogea nyuma kila wiki ni mimi.

Hapa wifi yako ameniambia niweke kalamu nikanywe maji, nimeyanywa, naendelea.

Ningependa kukuambia kwamba siku hiyo ndipo nilipogundua. Ingekuwa hadithi nzuri na mimi ningetoka msafi. Ukweli ni kwamba nilijua, dada. Nilijua miaka miwili kabla. Vitu vya karibu, uzi na sindano, naviona vizuri, lakini vya mbali vilikuwa vimeanza kuyeyuka. Nilikuwa na mbinu zangu. Basi likija nilingoja mwingine apande kwanza, nikimsikia anaulizia njia yangu ndipo nipande. Watu wa ng'ambo ya barabara niliwasalimu wote kwa jumla, kwa sauti kubwa, asiachwe mtu. Nilijifunza mwendo wa kila jirani. Na kila nilipojiambia niende nikapimwe, nilimwona baba.

Wewe unakumbuka kuliko mimi. Unakumbuka jinsi baba, fundi saa yule, aliyeweza kuokota skrubu ndogo sakafuni kwa kibanio, alivyoanza kugonga mabega kwenye miimo ya milango na kusema mlango umebanwa. Unakumbuka sote tulivyocheka. Kisha ukawa wewe. Uliacha chuo cha ualimu miaka miwili. Ulimkatia nyama, ulimsomea gazeti, ulimshika mkono kumpeleka na kumrudisha, miaka sita, hadi tulipomzika. Mimi nilikuwa mdogo, nikicheza mpira, nikirudi nakuta kila kitu kimeshafanywa. Sikuwahi kukushukuru. Sasa unaelewa kwa nini, macho yangu yalipoanza, mtu wa mwisho duniani niliyetaka ajue alikuwa wewe. Nilikuona ukiacha darasa lako na kuja kunishika mkono. Nilijua ungekuja bila kuitwa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko giza lenyewe.

Siku ile ya stendi sikukuona. Nilisimama pale dakika arobaini nikikusubiri. Nilitazama upande wako, nikaona rangi rangi za watu na mizigo, nikajua hukupanda basi lile, nikaondoka nimenuna kwamba hukunipigia simu. Ujumbe wako ulipofika jioni, nilikaa nao jikoni nikaelewa mara moja. Neno lilikuwa moja tu la kukujibu, kwamba sikukuona. Ningeliandika, ungenisamehe palepale, na palepale ungeuliza kwa nini. Kwa hiyo sikuliandika. Niliona afadhali unione mwenye kiburi kuliko unione kipofu. Nimekuacha ulie miezi saba juu ya kitu ambacho hakikutokea, na nilikuwa na uwezo wa kukikatisha siku ya kwanza. Hilo ndilo kosa langu, na hilo ndilo ninaloombea msamaha. Siombi kwa ajili ya stendi, naomba kwa ajili ya kunyamaza.

Sasa nikupe habari njema kabla hujalowesha karatasi. Wifi yako, alipopata habari kutoka kwa fundi wa mitambo, hakugomba. Alivaa viatu, akanishika shati, tukaenda kwa daktari wa macho. Usinicheke, lakini hata pale nilijaribu ujanja. Mzee aliyenitangulia alisoma herufi za ukutani kwa sauti, nikazikariri zote nikiwa mlangoni. Nikaingia, nikazitiririsha vizuri kabisa bila kukosea hata moja. Daktari akanipongeza, kisha akanijulisha kwamba ubao ule alishaugeuza mzee alipotoka. Wifi yako aliona aibu akajifanya hanijui.

Alinipima kila namna, akapuliza na upepo ndani ya jicho, akanieleza polepole kwamba ugonjwa wa baba ulikuwa presha ya macho, ambayo huanza kula pembeni, na kwamba mimi sina. Hata dalili sina. Mimi naona mbali vibaya tu, basi, kama mamilioni ya watu, na dawa yake ni miwani. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nilimwomba amwambie na mke wangu. Akamwambia. Nililia pale kitini, dada, bila kuku wala sanduku, mtu mzima mwenye ndevu, na daktari akaenda kutazama dirishani kunistahi.

Miwani nimeivaa wiki ya tatu sasa. Nimegundua miti ina majani moja moja hadi juu kabisa. Nimegundua kwamba yule dada mwenye maringo wa duka la nguo, ninayemsalimu kila asubuhi mwaka mzima na haitikii, ni sanamu ya kuvalishia magauni. Wenye duka walidhani natania, ndiyo maana walikuwa wakinipenda. Na meneja, alipomaliza kucheka, aliniruhusu nizitazame upya picha zangu, hasa zile nilizozitukana, kutoka safu ya kumi na nne, viti ambavyo nimeshona mwenyewe.

Kwa hiyo pokea maoni yangu mapya, na ya zamani yatupe. Mpelelezi na mwizi hawafanani hata kucha. Mwigizaji wa mpelelezi ana namna ya kuinua nyusi moja kabla hajasema uongo, na mimi nilikuwa nimeikosa yote. Ile ya mahakama ni ndefu kupita kiasi, bado nasema wangeikata robo saa, lakini yule baba akiinama kuokota karatasi zake sakafuni, hata mawakili wanageuza uso. Ya dereva wa lori bado ni bora kuliko zote, na kwa mbali inapendeza zaidi, maana sasa naona na milima yenyewe. Na yule mwanamke, dada. Kile alichotoa sandukuni ni gauni la mtoto mchanga, limepigwa pasi vizuri, mikono yake midogo imekunjwa kwa nyuma. Halijawahi kuvaliwa. Nililia hadi bwana wa pembeni akanipa leso yake, na sikuona aibu. Nimemwomba radhi mwanamke yule hadharani, mezani, mbele ya mwanao, ambaye hata hivyo amesema jina la kuku linabaki.

Limebaki jambo moja, na hili wifi yako ameniambia niliandike kwa herufi zinazosomeka. Daktari aliniuliza kama baba alikuwa na watoto wengine. Nikamwambia nina dada, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na moja. Akaniuliza kama amepimwa. Nikamwambia sijui. Akanieleza kwamba presha ya macho hufuata damu, haiumi, haiwashi, mtu anajiona mzima hadi imekwisha kula nusu, na ikikamatwa mapema inazuilika kwa dawa ya matone tu. Najua utasema wewe huna kitu. Hata mimi nilisema sina kitu. Nimekuandikishia nafasi, Jumatano ya kwanza shule zikifungwa, saa nne asubuhi, na jina lako nimeliandika kwa mkono wangu kwenye daftari lao. Nitakuja mwenyewe hadi mlangoni kwako Jumanne, tupande basi pamoja. Kuhusu nyumba ya baba, nimekubali unavyotaka, wapangaji basi.

Ulimshika baba mkono miaka sita, na katika miaka yote hiyo tulikuuliza kama amekula, kama amelala, kama dawa zimekwisha. Hakuna aliyewahi kukuuliza habari zako. Nauliza mimi sasa, na safari hii nijibu hata kama umekasirika: dada, macho yako je?

Msalimie shemeji, mwambie asafishe koo. Wasalimie walimu wenzako wote, na watoto wenye penseli. Wifi yako na mwanao wanakubusu. Nasubiri jibu, hata likiwa la matusi nitalipokea kwa mikono miwili na kulisoma kwa raha, maana mwandiko wako nimeukosa.

Ni mimi mdogo wako mkaidi,

Fundi Makochi